Timu yangu ya mikopo Mbeya imechoka, na mimi nimechoka. Nianzie wapi?

Mzee_wa_Marejesho
Habari za jioni wakuu. Nasimamia maafisa mikopo wa tawi moja hapa Mwanjelwa. Vijana wanatoka asubuhi na pikipiki, huyu Mbalizi, yule Inyala, mwingine Umalila. Wanarudi giza limeshaingia, halafu grupu la WhatsApp linachachamaa: nani kakusanya ngapi, nani yuko kwenye nyekundu. Mpaka saa tano usiku. Jumapili ni siku ya kuwafuata wasumbufu, maana ndipo wanapatikana nyumbani.

Afisa wangu bora, binti ambaye wateja walikuwa wanamuulizia kwa jina, siku hizi simu ikiita anaigeuza kifudifudi. Mwingine anawajibu watu ovyo kaunta. Mimi nashtuka saa tisa usiku napiga hesabu za waliochelewa. Niliwapandisha Ziwa Ngosi kubadilisha hewa, tukacheka sana, Jumatatu mambo yakawa yaleyale. Makao makuu wanasema nilete mhamasishaji. Ushauri tafadhali, matusi njooni inbox.

Mama_Uyole
Pole mwanangu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu katika ICD-11, yaani orodha yake ya kuainisha magonjwa na hali za kiafya, kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa, wala haikuuita ugonjwa. Unajionyesha kwa mambo matatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona hufanikishi kitu. Huyo binti wa simu yuko kwenye la pili. Mhamasishaji atamwambia ajitume zaidi, na kujituma ndiko kulikomfikisha hapo! Na wewe, usingizi ukiendelea kukatika kamwone daktari.

Chuma_cha_Mjerumani
Mnawadekeza. Soko la Soweto hapo Mbeya watu wanaamka saa tisa usiku kila siku, nani kasikia wakilalamika?

Mama_Uyole
Wale wanaamkia mtaji wao, baba. Na akitaka kulala hamna wa kumwandikia barua.

Karani_Mstaafu
Soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu. Kila wiki kuna mapumziko ya saa 24 mfululizo. Hizo Jumapili zako mnaziandika wapi? Wewe meneja unaweza kuwa nje ya vifungu vya saa, ila siku 28 za likizo ni zako pia. Umechukua lini?

Mzee_wa_Marejesho
Hapo kwenye likizo mkuu naomba tupite kwanza.

Kamwene_Mafinga
Kamwene! Nimeifanya hiyo kazi. Swali moja: hao wanaowatoa roho vijana wako ni kina nani?

Mzee_wa_Marejesho
Wengi wa Umalila, wakulima wa viazi.

Kamwene_Mafinga
Na mnawadai kila wiki?

Mzee_wa_Marejesho
Kila Jumanne.

Kamwene_Mafinga
Sasa mtu mwenye viazi shambani Jumanne akupe nini, maua? Afisa anapanda mlima na pikipiki kwenye utelezi kudai hela ambayo haipo mpaka wavune, anashuka mikono mitupu, usiku anasemwa kwenye grupu. Hata ungekuwa wewe ungegeuza simu. Kaa na binti huyo, mtenganishe mikopo ya biashara na ya kilimo, mchore ni nani huwa analipa akishavuna. Peleka karatasi hiyo makao makuu uombe marejesho ya msimu kwa wakulima. Ukienda na "vijana wamechoka" watakupa mhamasishaji. Ukienda na mikopo inayochelewa kwa sababu ratiba yenyewe ni mbovu, watakusikiliza.

Mzee_wa_Marejesho
Hii nimeielewa. Na grupu? Meneja wa kanda naye yumo, anauliza tarakimu usiku.

Karani_Mstaafu
Mtoe kwenye grupu la vijana, kwa adabu. Fungua la wewe na yeye tu. Ripoti moja kila siku saa kumi na mbili jioni, akiuliza saa nne usiku mjibu asubuhi. Atanuna wiki mbili hivi. Na Jumapili hii usimtume mtu.