Land Rover Series III ya 1974: kuifufua kunalipa?

Swali: Wakuu, bodi safi, injini ya petroli lita 2.25 inawaka ila inatoa moshi wa bluu. Fundi anataka tuanze na rangi. Nikubali?

Jibu: Hapana, mkuu! Kwa kuuza hailipi. Kwa kutumia, inategemea chasisi. Bodi kwa sehemu kubwa ni alumini, haipati kutu. Chasisi, yaani fremu inayobeba gari, ni chuma, huoza kuanzia ndani. Ingia chini na nyundo, gonga boriti ya nyuma ya chasisi. Ikidondosha unga mwekundu, hapo ndipo pesa itakapoishia.

Jibu: Naongezea. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka asubuhi tu unapowasha, ni sili za valvu (mipira inayozuia oili isishuke kwenye silinda). Ukitoka unapopanda mlima, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), tia kijiko cha oili silinda kwa silinda, pima tena. Kompresheni ikiongezeka, ni ringi za pistoni zimechakaa.