Kijana kiziwi anataka kukodi chumba na kushona kwa kujitegemea, Katuba: tuandae nini?

Yaya_Katuba

Jambo wote. Kijana ana miaka 20, kiziwi tangu utotoni. Amemaliza mafunzo ya ushonaji: suruali, sare za shule, nguo za kitenge, vyote anakata mwenyewe. Anataka kutoka katika lupango (kiwanja cha nyumba) la wazazi, akodi chumba kimoja hapa Lubumbashi, Katuba, na barazani aweke mashine mbili, moja ya kanyagio na moja ya mota. Wazee wamekataa: hatasikia mtu mlangoni, wateja watampunja, usiku akisimamishwa na askari hatajibu. Kijana mwenyewe anasema yuko tayari.

Naomba mambo ya vitendo. Maombi tunayo ya kutosha. Mjue pia kwamba umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unakatika ovyo, na kijana anasoma Kifaransa kidogo lakini Kiswahili cha kuandika kinamshinda.

Mkalimani_Kampemba

Nianzie hapo mwisho, maana familia nyingi hukwama hapo bila kujua. Alama za mikono zinazotumika katika shule nyingi za viziwi huku zilikuja na kazi ya Andrew Foster, Mmarekani mweusi, naye kiziwi, aliyefungua shule Ghana mwaka 1957 kisha akaendelea nchi kwa nchi, Kongo ikiwemo, hadi alipofariki katika ajali ya ndege huko Rwanda mwaka 1987. Alama hizo zina mizizi Marekani, na darasani zilifungwa pamoja na Kifaransa. Kwa hiyo kijana wenu ana lugha ya alama, ana Kifaransa cha daftari, na nyumbani anakutana na Kiswahili ambacho kinapita midomoni tu. Si uvivu wake.

Matokeo yake: ujumbe mrefu wa Kiswahili kwenye simu haufiki. Andikeni Kifaransa kifupi, jambo moja kwa ujumbe mmoja, na tarehe, saa na bei zikae kwa tarakimu. Mambo marefu mtumieni video ya sekunde 15 hadi 20: mwanga utoke mbele yako, si dirisha nyuma ya mgongo, na viwiko vyote viwili vionekane. Kupiga simu ya video mtandao ukiwa dhaifu ni kupoteza muda, vidole vinaganda katikati ya alama.

Na yule anayesema "si atasoma midomo?" asimame mbele ya kioo aseme bila sauti: baba, mama, papa. Midomo inafanya kitu kilekile mara tatu.

Jambo moja la kuacha leo hii: kumwuliza "umeelewa?" Atatikisa kichwa, kama mtu yeyote aliyechoka kuuliza. Mwambieni awaonyeshe alichoelewa: achore, aguse tarehe kwenye kalenda, aweke pesa mezani. Akikosea mnaona palepale.

Fundi_Volti12

Mlango ni kazi ya nusu siku: mgeni anabonyeza kitufe nje, taa zinawaka na kuzima ndani. Usitumie umeme wa SNEL, tumia betri, vinginevyo siku ya giza mgeni atagonga mpaka achoke. Vitu vinavyotakiwa:

- betri ya volti 12, Ah 7, ile ndogo ya kufunga kabisa
- rilei ya taa za kona za pikipiki (ndiyo inayowasha na kuzima taa), yenye miguu 2
- balbu 2 za pikipiki za wati 10, na vishikio vyake
- fyuzi ya ampea 3, ikae karibu kabisa na betri
- kitufe cha kubonyeza, na waya wa nyuzi mbili wa mm² 0.75
- paneli ya jua ya wati 10 na regileta yake (kidhibiti cha chaji)

Njia: chanya ya betri, fyuzi, kitufe, rilei, balbu, kisha urudi hasi. Balbu zote mbili zifungwe sambamba. Moja ielekee kitanda, nyingine iwe juu ya ukuta anaoutazama akishona. Watu hupenda kuweka taa juu ya mlango wenyewe. Hapo ataiona nani, mgeni?

Zikiwaka zote mbili zinakula ampea 1.7 hivi, na ni kwa sekunde chache tu, hivyo betri haichoki. Kinachoiua ni kusahauliwa: ikipimwa imepumzika na inasoma chini ya volti 12, ichajiwe siku hiyohiyo. Ikikaa tupu wiki kadhaa haifufuki.

Kitufe kiwe chini ya bati, kwa sababu mvua za Novemba hadi Machi zitakijaza kutu. Paka vaselini kwenye miunganisho. Juu yake andikeni BONYEZA na mchore kidole, la sivyo watu watapiga ngumi mlangoni kama walivyozoea.

Kwa ajili ya wezi, ongezeni swichi ya mlango wa friji. Inafunga njia ya umeme pale mlango unapofunguka. Ifungwe sambamba na kitufe, na iwe na swichi yake ya kuzima mchana. Usiku mlango ukisogea, taa za chumba zinamweka, yaani zinawaka na kuzima.

Mota_na_Mwanga

Kaka Volti12 amesema sawa, ila mkienda dukani mtapewa taa za LED kwa sababu ni za kisasa. Rilei ya kawaida ya pikipiki inataka mzigo. Ukiweka LED haimweki, au inameta haraka mno. Ama mbaki na balbu za wati 10, ama mnunue rilei ya elektroniki iliyoandikwa LED. Kwa balbu za kawaida kuna faida moja: moja ikiungua, mwendo wa ile nyingine unabadilika, au inabaki imewaka tu bila kumweka. Kijana atajua bila kupanda ngazi.

Kuamka asubuhi: simu ikae kwenye mtetemo ndani ya foronya, upande wa kichwa. Chini ya godoro mtetemo unamezwa. Na isichajiwe humo, inapata joto, sponji inashika moto.

Mama_Cherehani

Mimi nazungumzia baraza.

Kwanza kiti. Akae mgongo ukutani, uso barabarani. Mteja anayetoka nyuma na kumgusa bega mashine ikikimbia anampeleka kidole chini ya sindano. Baraza ikibana, tundikeni kioo mbele yake.

Mashine ya kanyagio ndiyo ianze kazi. Haihitaji umeme, na mtetemo wake anausikia mguuni na mkononi. Sisi tunaosikia tunajua sindano imekuwa butu kwa mlio. Yeye aweke kiganja cha kushoto bapa juu ya kitambaa: sindano nzuri inapita laini, butu inadunda. Na asingoje kudunda, abadilishe kila baada ya saa 8 hivi za kushona. Namba 90 kwa kitenge, 100 kwa jinzi. Sindano nyembamba kwenye jinzi inapinda, inagonga bamba, inavunjika.

Ile ya mota ndiyo ya kuogopa. Mota za aina ya klachi zinazunguka muda wote hata kama hushoni, na wengine tunakumbushwa na mvumo wake. Yeye hatakumbushwa. Fundi amwekee taa ndogo ya volti 220 baada ya swichi, sambamba na mota: taa ikiwaka, mkono usiguse sindano. SNEL ikikata, swichi izimwe kwanza ndipo atunge uzi, kwa maana umeme unarudi bila kubisha hodi.

Sasa wateja. Albamu ya picha 30 au 40 za mitindo, kila moja na namba yake. Daftari la fakitira (ankara) lenye karatasi ya kaboni, nakala moja kwa mteja. Juu ya kila ukurasa mchoro wa mwili wenye mistari ya vipimo: mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, urefu wote. Kijana anajaza sentimita tu. Kisha kipande kidogo cha kitambaa kibanwe hapo kwa pini ya stepla, namba ya mtindo, tarehe iliyozungushiwa duara kwenye kalenda, bei, avansi (malipo ya awali) ya nusu, sahihi ya mteja.

Kwenye bei hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Mtu ananyoosha vidole viwili na kufunga ngumi, "ishirini". Ishirini zipi? Dola 20 au franka 20,000? Bei iandikwe na sufuri zake zote, na FC (franka za Kongo) au $ pembeni. Alama ya vidole peke yake isikubaliwe, hata kwa jirani. Hasa kwa jirani.

Yaya_Katuba

Asanteni sana. Na chumba? Mwenye lupango mmoja ameshasema mkataba autie sahihi baba, si kijana. Na pesa zake za simu (mobile money) tunaziweka kwenye namba ya kaka yake.

Papa_Mikataba

Ana miaka 20, ni mtu mzima. Anatia sahihi mwenyewe. Nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015. Kifungu cha 12 kinahusu usawa mbele ya sheria, cha 19 kuishi kwa kujitegemea. Tangu tarehe 3 Mei 2022 tuna pia sheria ya kiorganiki namba 22/003, ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Mwenye lupango akitaka mdhamini, baba aandikwe mdhamini kwenye mstari wa chini. Mpangaji abaki kijana.

Mkataba uwe wa maandishi, na mkalimani aukalimani kabla ya sahihi, si baada. Garanti (amana ya kodi) ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3, ndivyo sheria ya upangaji ya 2015 inavyosema. Pesa ya komisioneri (dalali) ihesabiwe mbali. Siku ya kupokea ufunguo apige picha kuta, bati, kufuli na mita ya umeme. Maji na umeme vinavyogawanywa lupangoni viandikwe nani analipa kiasi gani, kwa sababu mabishano hayo hufanyika kwa kelele uani, na yeye atakuwa wa mwisho kujua.

Namba ya kaka: ifutwe wiki hii. Laini iwe kwa jina la kijana, namba ya siri aiweke mwenyewe na kaka asiijue. Menyu ya pesa inakatika ukichelewa kusoma, basi mwandikieni hatua kwenye kadi: bonyeza 1, kisha 3, kisha kiasi, na afanye mazoezi kwa franka 500 mpaka vidole vizoee. Mteja akimwonyesha kwenye simu yake ujumbe kwamba "nimetuma", asitoe nguo. Aangalie salio lake mwenyewe. Ujumbe wa uongo unatengenezwa kwa dakika moja.

Usiku: kadi ya plastiki shingoni, juu ya shati, MIMI NI KIZIWI kwa Kiswahili na Kifaransa, pamoja na namba ya ndugu mmoja. Muhimu ni iwe nje. Akimulikwa tochi asipeleke mkono mfukoni kutafuta chochote. Mikono ionekane, aguse sikio, kisha aonyeshe kadi.

Mkalimani_Kampemba

Naongeza kwa Papa: mkalimani wa mkataba asiwe ndugu. Ndugu anafupisha, na anachokifupisha ni kile asichokipenda. Mkiomba mkalimani kwa mkutano unaozidi saa moja, waombeni wawili wapokezane kila dakika 20 au 30, mmoja akichoka anaanza kuruka maneno.

Yaya_Katuba

Nimeonyesha wazee hii ya kitufe, baba ameuliza bei ya betri, kwa hiyo mambo yanasogea. Swali la mwisho kwa mafundi: ile taa ya mota, iwe rangi gani?

Fundi_Volti12

Nyekundu. Na ya mlango mwiachie balbu nyeupe au njano. Zikifanana, mgeni akibonyeza kijana ataangalia mashine.