Video 7 za rapa mmoja kuwa filamu: naziunganishaje?

Mhariri_Kondele: Wakuu, kuna rapa hapa Kisumu ana video 7, jumla dakika 24. Anataka filamu moja ya dakika 33 hivi. Nikizipanga tu, zinabaki plelisti. Tena nne zilipigwa fremu 24 kwa sekunde, mbili 25, moja 30. Nimezilazimisha zote ziwe 25, midomo sasa inaachana na mistari.

Fremu25: Omera, hapo umebadilisha kasi. Klipu ya 24 ukiiambia programu ni ya 25, inakimbia: wimbo wa sekunde 200 picha yake inaisha kwenye 192, na sauti bado inaendelea. Rudisha kila klipu kwenye fremu zake halisi, ndipo uiweke kwenye taimlaini (mstari wa kuhariria) ya 25. Programu itarudia fremu moja kila sekunde na midomo itatulia. Ile ya 30 ndiyo msumbufu: inapoteza fremu 5 kila sekunde, kwa hiyo kamera ikizunguka picha inarukaruka. Chagua humo shoti zilizotulia.

Vipande vipya vya kuunganishia video piga 25, shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu) sekunde 1/50. Umeme wetu ni Hz 50. Ukienda 1/60 chini ya taa za mirija, utaona michirizi ikipanda kwenye picha.

Nyayo_Dunga: Mimi ningeanza na mkasi. Toa majina na nembo za mwanzo wa kila video, na ubeti usiosogeza hadithi uende pia. Rapa wa Marekani Tierra Whack mwaka 2018 alitoa nyimbo 15 za dakika moja moja, na kazi ikasimama.

Halafu mpe kitu kimoja apite nacho. Koti, tuseme: asubuhi sokoni Kibuye analipekua kwenye rundo la mitumba, jioni ufukweni Dunga limelowa, mkono mmoja umechanika. Kelele za soko zianze sekunde 2 kabla wimbo haujaisha, picha ifuate. Kila mahali rekodi sekunde 60 za sauti ya hapo bila mtu kusema, utazihitaji kuziba mapengo. Dunga fika mapema. Jua likizama, mwanga hauna subira.

Sauti_Nax: Maongezi ya vipande vipya yakimezwa na nyimbo, usiyapandishe. Shusha nyimbo desibeli 6 kwanza, zimeshabanwa sana studio. Sauti ya mradi wote iwe 48 kHz, kipimo cha kawaida cha video.

Mhariri_Kondele: Asanteni. Biti (midundo) za nyimbo mbili ni za kukodi, kuna shida?

Sauti_Nax: Soma mkataba leo, kabla hujahariri. Leseni nyingi za bei ya chini zinaruhusu wimbo na video ya mtandaoni, filamu hapana. Na mkitaka kuionyesha ukumbini, ipitie KFCB, bodi ya kuainisha filamu Kenya, kwanza.