Demo ya gemu iishie wapi? Mimi nasema bambo lifike katikati ya gunia

Mleta mada, Mtwara mjini

Wakuu, salaam. Jana usiku nikitoka kazini nilipita banda la gemu pale Chikongola nikakuta vijana wawili wanabishana mpaka mwenye banda kazima redio awasikie vizuri. Mmoja kashusha demo ya gemu mpya kwa bando lake, kacheza dakika kama 20, hajajua hata kitufe cha kukinga kiko wapi, mara maandishi: nunua. Anasema kaibiwa. Mwenzake anamjibu, umepewa bure, unamdai nani? Nimelala nalo. Hebu tulijadili hapa bila matusi: demo, yaani kionjo cha bure, itoe gemu kiasi gani?

Naanza mimi. Msimu wa korosho nakuwa ghalani, kwa hiyo nitasema kwa lugha ya ghala. Gunia likifika hatuangalii korosho za juu, za juu kila mtu anajua kuzipanga. Linadungwa bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, ubavuni, zinatoka za katikati, zinakatwa, ndipo daraja linajulikana. Zinazotoka ni chache tu. Sijaona mnunuzi anayedai apewe nusu gunia ndipo aamini, wala mkulima anayelilia zile zilizokatwa. Kwangu mimi suala si bambo limetoa ngapi, ni limefika wapi.

Sasa tazameni demo nyingi za siku hizi. Ni zile korosho za juu: video nzuri, mzee anakufundisha vitufe, mlipuko mmoja, kwisha. Mwanzo wa gemu ndipo mtengenezaji alipopiga rangi mara tatu. Ukishacheza saa nane itakuwaje, utajua ukishalipa.

Na msiniambie kutoa kingi ni kujimaliza. Desemba 1993 kampuni ya id Software walitoa gemu ya Doom. Sehemu ya kwanza kati ya tatu iliachiwa bure, ramani 9 ukihesabu na ile ya siri. Theluthi nzima ya gemu! Watu wakaruhusiwa kuinakili kwenye diski za flopi na kugawiana, mwenye kutaka sehemu mbili zilizobaki analipa. Mwaka mmoja nyuma walishafanya hivyo na Wolfenstein 3D, sehemu 1 kati ya 6. Hawakufa njaa.

Ujanja huo waliurithi kwa Scott Miller wa kampuni ya gemu ya Apogee, aliyeanza nao na gemu zake za Kroz mwaka 1987. Kabla yake wengi walikuwa wanaachia programu yote kisha wanaomba mwenye kupenda achangie. Wachangiaji mnawajua, hata kwenye harusi wanaahidi. Miller akaona bora atoe kipande kizima na kingine akifungie.

Neno langu ni hilo, kipande kizima. Kiwe na mwanzo na mwisho wake, na ugumu wa humo uwe ule wa katikati ya gemu. Karibuni.

Mwenye banda, Masasi

Mtoa mada, mimi demo imenilisha, kwa hiyo nitaisema vizuri. Zamani kila mwaka kabla gemu mpya ya mpira ya FIFA haijatoka ilikuwa inakuja demo yake, timu chache, vipindi vifupi. Wateja wangu walikuwa wanaicheza hiyo hiyo, mechi kwa mechi, na mimi naokota jero zangu. Kipindi kifupi kwangu ni neema, foleni inatembea! Mwaka 2020, FIFA 21, wakasema demo hakuna. Wenzao wa PES, gemu nyingine ya mpira, ndio hao 2021 wakabadili jina kuwa eFootball, ukitaka unacheza bure kabisa, ila ndani humo kuna maduka.

Swali langu kwenu wasomi: gemu ya bure yenye maduka ndani si demo isiyokwisha? Maana vijana hapa wamecheza mwaka mzima na hawajui kama wamefika au bado wanaonja.

Mtengeneza gemu, Lindi

Nimesoma kwa subira, sasa niseme. Kaka yangu wa ghalani, mimi natengeneza. Gemu yangu ni ya mafumbo, ukiwa mwepesi unaimaliza kwa saa mbili na nusu. Nikikupa theluthi kama Doom nimekupa dakika 50 na siri ya bibi mwenye nyumba ushaijua. Fumbo likishafumbuliwa halirudi kuwa fumbo. Doom ni kupiga risasi, mtu akimaliza ramani 9 anataka nyingine 9. Ya kwangu akimaliza, kashiba.

Halafu kuna kitu wachezaji hamkioni. Demo ni kazi ya pili. Unakata, unashona pale ulipokata, unajaribu upya. Ukirekebisha gemu kubwa baadaye, demo inabaki na makosa ya zamani, na watu wanakuhukumu kwa hayo.

Na takwimu zipo. Mwaka 2013 Jesse Schell, mtengeneza gemu mwenzangu wa Marekani, alisimama kwenye mkutano wa watu wa gemu wa DICE kule Las Vegas na mchoro wa mauzo ya gemu za mashine ya Xbox 360. Zilizouza zaidi zilikuwa zile zenye video ya kuzitangaza na hazina demo. Zenye vyote viwili ziliuza kama nusu yake. Kwa hiyo nitoe jasho nijenge kitu cha kunipunguzia mauzo?

Mleta mada

Dada, mchoro huo nimewahi kuuona ukizungushwa. Unaonyesha vitu viwili vinavyotembea pamoja, hauonyeshi nani kamvuta nani. Wenye fedha za kutangaza kila kona hawahitaji demo, wangeuza tu. Na tuseme kweli demo ndiyo iliyopunguza. Imepunguza kwa nani? Kwa yule aliyeonja akaona hapana. Ukiuliza mimi, hapo demo imefanya kazi iliyotumwa. Korosho isiyokauka ikikutana na bambo bei inashuka, na hatujawahi kulifungia bambo kabatini kwa sababu hiyo.

Mtengeneza gemu, Lindi

Unaongea kama mnunuzi, nakuelewa. Ila korosho ya katikati na ya juu zinatoka mti mmoja, ukikata moja hujaharibu nyingine. Hadithi ukiikata katikati umeikata kweli. Mimi naona walivyofanya wa gemu ya kutisha ya Resident Evil 7 mwaka 2016 ndiyo dawa: demo yao, Beginning Hour, ilikuwa kipande cha pembeni, hakikuchotwa kwenye gemu yenyewe. Village, gemu ya mfululizo huo huo, nao 2021 wakatoa demo ya Maiden kwa mtindo huo huo. Unaonja hofu, hujaibiwa hadithi.

Mleta mada

Hiyo sasa ni kuniletea sampuli kutoka shamba la jirani.

Mtengeneza gemu, Lindi

Jirani huyo huyo ni mimi! Mkono ule ule, jiko lile lile.

Mpita njia, Kilwa Masoko

Mnahangaika bure. Kwenye duka la mtandaoni la Steam, tangu 2015 ukinunua gemu ukaicheza chini ya saa 2, ndani ya siku 14 unaomba hela yako inarudi. Hiyo ndiyo demo ya kila gemu. Mjadala ufungwe.

Mtengeneza gemu, Lindi

Ufungwe wapi? Gemu yangu ni ya saa mbili na nusu, mwepesi wa kufikiri anaibakiza kidogo tu halafu anaomba hela yake. Mwenye gemu ya saa 60 anacheka, mimi nalia.

Mleta mada

Na hela hiyo uwe nayo kwanza, mkuu. Yule kijana wa jana angekuwa nayo asingekuwa anabishana na demo.

Mwalimu, Nachingwea

Nilikuwa nimekaa kimya. Hili la kupima demo kwa saa limenigusa. Mwaka 2018 gemu ya Octopath Traveler ilitoka na demo ya saa 3, na ukinunua unaendelea pale ulipoishia. Hilo la kuendelea nalipigia makofi. Hakuna kitu kinachoudhi kama kurudia mwanzo uliokwisha kuumaliza, ni sawa na kumrudisha mtoto darasa la kwanza kwa sababu kahama shule.

Ila saa 3 za nani? Gemu ile ni maandishi matupu, watu wanane kila mmoja na historia yake. Kijana wangu anasoma Kiingereza kwa kukisia, neno lingine ananiita, lingine anafungua kamusi, na saa inahesabu tu. Aliyezaliwa na lugha hiyo anaona wahusika watatu, mwanangu anaona mmoja na nusu. Wamepewa demo mbili tofauti kwa jina moja. Ndiyo maana mimi namuunga mkono wa ghalani: wapimie kwa kipande, kila mtu akimalize kwa mwendo wake. Ukitaka kuweka ukuta, weka mlango uliofungwa. Saa ya ukutani iache.

Mtengeneza gemu, Lindi

Mwalimu, hapo sina ubishi. Nilikuwa nimepanga kuweka saa, kwa sababu saa ni mstari mmoja wa msimbo wa programu na mlango ni kazi ya wiki. Naitoa.

Mama, Mikindani

Wanangu nawasoma mnasema bure, bure. Bure ya nani? Mimi nauza vitenge kwa WhatsApp. Mwanangu alishusha hiyo demo yenu usiku, asubuhi mteja ananitumia picha haifunguki, bando limekwisha. Kumuuliza, anasema mama ilikuwa ya bure. GB 11! Na hakuipenda.

Mkijadili itoe kiasi gani, jadilini na ile kiasi gani.

Mwenye banda, Masasi

Mama kapiga penyewe. Nyingine ukishusha demo unashusha karibu gemu zima, halafu limefungwa kwa ufunguo tu. Unalipia mzigo wa gunia zima uonje korosho tano.

Mleta mada

Mama shikamoo, na pole. Hilo ghalani hatuna. Bambo linakuja lilipo gunia, mwenye gunia halipii nauli ya bambo. Nilikuwa silifikirii kabisa.

Dada wa Lindi, tuache ya wakubwa wa nje, wao hawasomi hapa. Wewe upo. Hiyo gemu yako ya saa mbili na nusu, ukilazimika kuikata leo, unaikata wapi?

Mtengeneza gemu, Lindi

Mlango wa tatu. Milango miwili ya kwanza ni ya kujifunza tu, nairuka, au naibana iwe dakika 4. Mlango wa tatu ndipo fumbo la saa ya babu lilipo, lile ambalo hata mdogo wangu aliyeniona nikilitunga lilimshinda siku mbili. Bibi mwenye nyumba hatokei hapo, siri yake inabaki kwangu. Ukishalifungua unasikia hatua za mtu upande wa pili, inaishia hapo. Ukinunua unaanzia hapo. Na kwa ajili ya mama wa Mikindani, nitahangaika isizidi MB 200.

Mama, Mikindani

Marahaba mwanangu wa ghalani. Na wewe binti, 200 za bando la nani?