Naomba ushauri: siga huanza vizuri, kisha huwa chungu kuanzia katikati

Mtulivu
Ndugu zangu, salaam. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa siga, yaani sigara nene za majani ya tumbaku, za daraja la juu zilizoviringwa kwa mkono. Nimezawadiwa kasha zima la aina ya robusto, zenye urefu wa takriban sentimita 12.5 na jani la nje la rangi ya kahawia iliyokolea. Theluthi ya kwanza hunipa ladha safi ya mbao na kakao, na pilipili kwa mbali, nami huifurahia sana. Tatizo ni kwamba kuanzia katikati moshi huwa wa moto, ulimi huwasha, na uchungu hufunika kila kitu, tena mara nyingine moto hula upande mmoja na kuuacha mwingine nyuma. Ninazihifadhi kabatini katika kasha lilelile zilimokuja, nazikata kwa kikatio chenye nyembe mbili, na nawasha kwa kiberiti cha gesi. Je, kasoro iko kwenye siga zenyewe, au katika namna ninavyozivuta?

Mzee wa Mwerezi
Ndugu Mtulivu, siga inayoanza na ladha uliyoieleza haina kasoro ya tumbaku. Mimi ningeanza na mwendo wako wa kuvuta, kwa sababu kila funda la moshi huchochea kaa la mbele kama mvukuto, na ukivuta tena kabla kaa hilo halijatulia, majani yaliyo nyuma yake huungua badala ya kufuka taratibu, na hapo ndipo ladha tamu hupotea na uchungu kushika nafasi. Funda moja kwa dakika moja linatosha, na siga nene huweza kusubiri zaidi ya hapo. Ukiishika karibu na kaa na kuona ina joto lisilostahimilika vidoleni, iweke chini ipumzike.

Fahamu pia kwamba theluthi ya mwisho kwa asili yake ni kali kuliko ya kwanza. Moshi unapopita katika sehemu ambayo bado haijaungua huacha humo lami na unyevu, na vitu hivyo hujikusanya kadiri siga inavyofupika. Zaidi ya hapo, mviringaji huweka katikati majani ya ligero, yaani yale ya juu ya mche yaliyopigwa na jua kwa wingi, ambayo yana nguvu na huungua polepole. Kwa hiyo tarajia ukali kuongezeka, lakini ukali si uchungu.

Kuhusu kuwasha, usiichomeke siga ndani ya mwali. Ishike kwa pembe juu ya mwali bila ncha kuugusa, uizungushe taratibu mpaka ukingo wote uwe mweusi na duara la ncha lianze kung'aa, kisha ndipo uiweke mdomoni na kuvuta kidogo kidogo huku ukiendelea kuizungusha. Maliza kwa kuipuliza ncha na kuitazama: kaa likiwa na doa jeusi upande mmoja, huko ndiko moto utakakochelewa, nawe utahangaika nao mpaka mwisho.

Kipima Unyevu
Namheshimu Mzee wa Mwerezi, lakini sikubaliani naye kuhusu pa kuanzia. Mtu anaweza kuvuta kwa subira yote na bado akapata uchungu ikiwa siga imehifadhiwa vibaya, na neno lililonishtua katika maelezo yako ni "kabatini". Kasha la dukani ni la kusafirishia na halishiki unyevu. Siga huhitaji hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi. Ikikauka, mafuta yanayobeba harufu yake hutoweka na tumbaku huungua kwa kasi na kwa moto mkali. Ikilowa, majani huvimba na hewa hupita kwa shida, hivyo mvutaji hulazimika kuvuta kwa nguvu na kuongeza joto lilelile tunalolikimbia. Moto kula upande mmoja nao mara nyingi hutokana na unyevu usiolingana ndani ya siga.

Tafuta sanduku linalofunga barabara, pakiti za kudhibiti unyevu, na kipimo cha unyevu. (Masanduku mazuri hutengenezwa kwa mbao iitwayo mwerezi wa Uhispania, ingawa mti wenyewe asili yake ni Amerika.) Kabla ya kukiamini kipimo, kijaribu: lowesha chumvi kwa matone machache ya maji mpaka iwe kama uji mzito, iweke kwenye kifuniko cha chupa, ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa saa 24, nacho kinapaswa kusoma asilimia 75. Usiziweke siga kwenye jokofu, kwani huzikausha. Zilizokwisha kukauka zirudishie unyevu polepole kwa wiki kadhaa, maana ukiharakisha, majani ya ndani yatavimba na kulipasua jani la nje.

Mtulivu
Nawashukuru sana wote wawili. Nimezibonyeza sasa hivi kwa vidole, nazo zinatoa mlio wa kukatika-katika, hivyo nadhani ndugu Kipima Unyevu ameligusa jambo lenyewe. Vipi kuhusu kukata? Huwa nakata kidogo sana, nikiacha tundu dogo tu, ili jani lisifumuke.

Mzee wa Mwerezi
Mlio huo ni wa ukavu, nami nakubali hifadhi ndiyo ianze. Lakini tundu dogo nalo lina lawama yake, kwa kuwa moshi wote na lami yake hupita mahali pamoja na kutua pamoja ulimini. Kata kofia ya siga, yaani kipande cha jani kinachofunga ncha ya mdomoni, milimita 2 hivi kutoka juu, pale duara linapoanza kupanuka. Ukishuka chini ya mshono wa kofia ndipo jani hufumuka.

Nesi Mstaafu
Naomba niongeze la afya, kwani linahusiana na swali. Moshi wa siga hauvutwi mapafuni; huonjwa mdomoni na kutolewa. Hata hivyo, nikotini yake hupenya kupitia ngozi laini ya mdomo, na saratani ya mdomo, koo na umio huwapata pia wasiovuta ndani. Hakuna kiwango kilicho salama. Anayevuta haraka akiwa na njaa hupata kichefuchefu na kizunguzungu, na hapo hakuna ladha atakayoitambua. Dalili hizo zikianza, aiache mara moja.

Mtulivu
Ahsante, dada, nimezingatia. Swali la mwisho: ikizimika katikati, naweza kuiweka mpaka kesho?

Kipima Unyevu
Hapana, kesho itanuka majivu tu. Ikizimika muda si mrefu, gonga majivu, ipulizie hewa kutoka upande wa mdomo ili moshi mkongwe utoke, kisha uiwashe kwa kuizungusha kama mwanzo. Ukitosheka, iache kwenye kisahani izimike yenyewe bila kuisaga, kwa maana ikisagwa hutoa harufu kali inayokaa chumbani kwa muda mrefu.