Kwa nini The President's Analyst ya 1967 haichakai?

Mkereketwa wa Sinema:
Wandugu, nimeitazama tena filamu hii ya Kimarekani iliyoandikwa na kuongozwa na Theodore J. Flicker, na ningependa mnisaidie kupambanua jambo moja. Vichekesho vya kijasusi vilifurika enzi zile za James Bond, na vingi leo havichekeshi tena. Hii, ambayo wanaoijua ni wachache mno, bado inanichekesha na kunitia hofu kwa pamoja. Nguvu yake iko wapi?

Bwana Reli:
Ndugu, mtazame kwanza mwigizaji mkuu. James Coburn alikuwa amejipatia jina kwa kumwigiza Derek Flint, jasusi asiyeshindwa na lolote. Hapa amekuwa Daktari Sidney Schaefer, mtaalamu wa saikolojia anayesikiliza siri za Rais bila ruhusa ya kumsimulia yeyote, mpaka mzigo huo unamwelemea naye anamdhania kila apitaye kuwa mpelelezi. Utamu ni kwamba dhana yake ni sahihi: anafuatwa kweli, na baadhi ya wanaotaka kumuua ni wa serikali yake mwenyewe. Katika onyesho la majani marefu, wauaji wa mataifa mbalimbali wanamalizana mmoja baada ya mwingine, naye amestarehe na msichana wake bila habari yoyote.

Binti Saidi:
Ni kweli, lakini kwangu mimi kiini ni adui. Si Moscow wala Washington, bali kampuni ya simu, inayotaka kila mtu apandikizwe kifaa ubongoni ili apige simu kwa kuiwaza namba tu, na inayomtaka Schaefer amshinikize Rais ili sheria ipitishwe watu watambulike kwa namba badala ya majina. Wakati huo sehemu kubwa ya simu za Marekani ilikuwa mikononi mwa AT&T, iliyogawanywa mwaka 1984, kwa hiyo mtazamaji alijua vyema nani analengwa.

Msomaji wa Usiku:
Naomba mwigizaji Godfrey Cambridge asisahaulike. Jasusi anayemwigiza, Don Masters, anamuua mtu mchana kweupe, kisha anajilaza kwa daktari na kusimulia jinsi utotoni wenzake walivyokimbia wakipiga kelele, kwa neno la matusi, kwamba mtu mweusi anakuja. Naye akakimbia pamoja nao, asijue kwamba anayekimbiwa ni yeye. Sijaona kichekesho kingine cha kijasusi kinachothubutu kusimamisha vicheko kiasi hicho.