Nina miaka 41, nataka kusomea unesi. Niuze duka?

MamaWawili_Umoja
Hamjambo wenzangu. Nina duka dogo la M-Pesa hapa Umoja na watoto wawili, mmoja yuko kidato cha pili. Nilimaliza shule 2002: gredi C, Bayolojia C+, Kiswahili B, Kemia C-. Karo ya chuo ilikosekana, nikaolewa, mengine mnayajua.

Mwaka jana nilimuuguza mamangu baada ya kiharusi: kumgeuza, kumlisha kwa mpira, kusafisha vidonda vya mgongoni. Nesi wa zahanati akaniuliza nilisomea wapi! Tangu hapo sina raha na hili duka. Kuna chuo kimoja mjini kinasema nitasoma jioni, mwaka mmoja tu, niwe nesi. Mume anasema nimechelewa. Nisaidieni.

NesiWaZamu
Dada, usilipe hata shilingi kwa hicho chuo. Diploma ya unesi Kenya ni miaka 3 na zaidi, na ndani yake mna ukunga, afya ya jamii na magonjwa ya akili. Ya mwaka mmoja huenda ni ya uhudumu wa wagonjwa, kazi ya heshima, lakini haikupi leseni ya unesi. Ingia tovuti ya Baraza la Wauguzi la Kenya uangalie orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa. Wakati wa masomo Baraza lazima likusajili na kukupa indeksi, yaani namba yako ya usajili kama mwanafunzi. Bila hiyo hukai mtihani wa leseni, hata cheti chako kingekuwa na mihuri mitano.

Gredi zako zinatosha kuomba KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya. Digrii inataka C+, hiyo iache kwanza, utaipandia baadaye ukishaajiriwa.

Na masomo ya jioni yasahau. Wale unaosikia wanasoma mtandaoni wengi ni manesi tayari, wanapandisha cheti. Wewe utapangiwa wodi, asubuhi, jioni na usiku. Ukipelekwa hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa ukunga, akina mama hawasubiri ufunge duka ndipo wajifungue.

BabaShiku
Shule mtamwambia, kazi je? Tangu 2013 manesi wengi wa serikali huajiriwa na kaunti, na kaunti huajiri zikipenda. Kuna vijana wana leseni na wanaendesha boda. 2017 manesi waligoma karibu miezi mitano. Mama, piga hesabu hiyo pia.

NilianzaNa38
Baba Shiku hajadanganya, ila aongeze upande wa pili. Serikalini kustaafu ni miaka 60. Ukimaliza na 45 bado una 15, na hospitali za binafsi na za misheni hazishindani na cheti chako cha kuzaliwa. Wauguzi wakuu wengine hata hupenda mtu mzima, hatetemeki ndugu wa mgonjwa wakianza kelele.

Darasani hawa watoto watakuita "mathe" wiki ya kwanza, baadaye watakuja kuomba daftari. Kilichonitesa mimi ni mgongo, na nauli ya kufika wodini kabla ya mapambazuko. Duka usiuze. Tafuta mtu unayemwamini akae kaunta kwa mshahara, faida ipungue lakini chakula cha watoto kisikatike. Uliza HELB pia, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu, hukopesha wanafunzi wa KMTC. Na mume umwambie mapema kwamba utalala nje kwa zamu, isije ikawa kesi ya ukoo.

BabaShiku
Hapo kwa duka nakubali. Lakini asiahidiwe Uingereza. Mkataba wa 2021 wa manesi wa Kenya kufanya kazi huko upo, ila yataka leseni na mtihani wa Kiingereza kwanza.

MamaWawili_Umoja
Asanteni sana. Kile chuo nilikuwa nimeshalipa pesa ya fomu, basi hiyo imeenda. Dadangu mdogo amekubali kukaa dukani, tunabishana mshahara sasa. @NilianzaNa38, maombi ya KMTC nimeambiwa hupitia KUCCPS, ile idara ya serikali ya kupangia wanafunzi vyuo. Mtu wa 2002 kama mimi naye anaingilia huko huko, au niende ofisini kwa KMTC pale karibu na hospitali ya Kenyatta?

NilianzaNa38
Anza na KUCCPS, namba yako ya mtihani na mwaka. Ikikataa, nenda ofisini na cheti halisi, si kopi. Nenda asubuhi.